Rustika na Njia ya Nne

Rustika Ciza alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na moja kati ya hiyo ilikwisha akiosha hedi za injini za watu bila kuruhusiwa kuzichonga. Kuosha aliosha, mpaka dizeli ikamkausha ngozi ya mikono. Kusaga vavu, zile zinazofungua na kufunga njia za injini, alisaga. Lakini kuingiza grenda ndogo ndani ya njia za moshi, kupunguza chuma kilipozidi na kukiacha kinapohitajika, ili moshi utoke kwenye injini bila kujikwaa, hiyo ilikuwa kazi ya Mzee Xavery peke yake. Yeye ndiye mwenye gereji ile ya Kiloleni, Tabora, na meza yake ya hedi hakuna mtu aliyeigusa.

Usije ukadhani Rustika aliingia gereji kwa mlango wa mafundi. Aliingia na sufuria ya uji. Alikuwa ametoka Ulyankulu, kwa wazazi wake waliotoka Burundi zamani, wakulima wa tumbaku, na baba yake mbali na tumbaku alikuwa na mizinga ya nyuki porini. Rustika aliuza uji asubuhi, na akimaliza kuuza haondoki. Anasimama, anatazama, anauliza. Hii inafanya nini? Ile imevunjikaje? Mafundi wakamchoka, wakampa vyuma aoshe wakidhani atakimbia. Hakukimbia. Mwaka uliofuata uji ukaachwa, yeye akabaki.

Wala tusimwonee mzee kwa kuibania meza yake. Alikuwa na sababu. Hedi ni lile pande la chuma linalofunika injini kwa juu, na ndani yake njia za moshi na njia za maji zimepita ubavu kwa ubavu. Ukuta unaozitenganisha, mahali pengine, haufiki nusu ya unene wa kidole. Chonga kidogo, injini inapumua. Zidisha kidogo, maji yanaingia kwenye moshi na hedi imekuwa chuma chakavu. Na kupata hedi nyingine ya lori, kwa Tabora, ni kupiga simu Dar es Salaam na kusubiri, huku mwenye gari akija kila asubuhi kukukodolea macho.

Mzee alipima kwa kidole. Alichovya kidole cha shahada ndani ya njia, akafumba macho, akajua. Rustika hakuwa na kidole cha namna hiyo, lakini alikuwa na nta. Baba yake alikuwa akimletea kutoka porini, mabonge ya manjano yanayonukia asali. Siku moja, mzee akiwa hayupo, alipaka njia za moshi za hedi mbovu mafuta ya kupikia, akayeyusha nta, akaimimina, akaiacha ishike, akaichomoa ingali na uvuguvugu kabla haijawa ngumu kabisa. Ikatoka na umbo la njia yenyewe, kila kona, kila kinundu. Ukipanga sita mezani unaziona zote kwa macho: hii nene, hii imebanwa, hii ina donge mahali ambapo moshi utagonga. Mzee aliporudi akacheka mpaka akakohoa. Baada ya mwezi alikuwa akiita mwenyewe, "Rustika, lete vidole vyako vya nta." Hakumshukuru, lakini hakuanza hedi tena bila hivyo.

Mwezi wa kumi, joto la kusubiri mvua likiwa limeukalia mji, Hilari alileta lori lake. Hilari aliendesha mwenyewe gari lake la tani kumi, akibeba mchele wa Igunga kuupeleka Arusha. Njia hiyo inapanda mlima Sekenke, na tangu abadilishe manifodi, lile bomba la matawi sita linalokusanya moshi kutoka kwenye hedi na kuupeleka kwenye tabo, feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, lori lilikuwa halipandi. Mshale wa joto unalala kwenye nyekundu, nguvu zinakwisha, anapanda kwa kupumzika mara tatu. Manifodi ya awali ilikuwa imepasuka, ikaunganishwa, ikapasuka tena, ndipo akaibadilisha. Mafundi wawili wa mji mwingine walimwambia abadilishe tabo. Akabadilisha. Mambo yakawa yaleyale.

Mzee Xavery aliichunguza ile manifodi, iliyotoka kwenye gari jingine, akapitisha kidole kwenye midomo yake sita. Kisha akamwita Rustika naye apitishe. Midomo ya manifodi ilikuwa myembamba kuliko njia za hedi, imeingia ndani kila upande.

"Umeelewa?" mzee akauliza.

"Moshi unatoka mbio unagonga ukingo," Rustika akasema. "Unarudi ndani. Joto linabaki kwenye injini, na tabo haipati wa kuizungusha."

"Na huku?" Mzee akaonyesha ndani ya hedi, palipokuwa na madonge ya kiwandani na masizi magumu.

"Na huku nako njia ni mbovu."

"Basi hilo lori halina ugonjwa wa tabo. Limezibwa pua." Mzee akaifuata grenda.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi ya mteja, mzee alijaribu mkono wake kwenye hedi chakavu iliyowekwa pembeni. Asubuhi ile grenda iliruka mara ya kwanza. Ikaruka mara ya pili. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, na kila mtu pale gereji alikuwa anajua tangu Pasaka, ila hakuna aliyethubutu kusema. Mzee akaizima. Akauangalia mkono kama anayesubiri uombe radhi.

"Njoo hapa, binti," akasema. "Hii utaichonga wewe. Ukiimaliza salama, meza ni yako. Ukiitoboa, nauza vifaa vyote vya hedi na hapa patabaki pa kubadilisha oili. Sitaki nife watu wakisema gereji ya Xavery inaua hedi."

Rustika alisema ndiyo, Mzee. Kitu alichokililia miaka kumi na moja kilikuwa kimewekwa mbele yake, na kilikuja na shoka.

Alimimina nta njia zote sita, akavipanga vidole mezani kwa mstari. Siku ya kwanza alimaliza njia ya kwanza na ya pili. Siku ya pili akamaliza ya tatu. Hakuwa na haraka. Anachonga punje, anazima, anapuliza unga wa chuma, anaangalia kidole cha nta, anaangalia njia, anawasha tena. Sakafu ya njia haigusi, maana ndiyo nyembamba. Anatoa dari na mbavu, anapiga msasa. Hilari alipita kila siku akitokea nyumba ya wageni, akasimama mlangoni, akasema "Habari za kazi, dada," akaondoka bila kusubiri jibu. Wenye magari wote ni hivyo, wanakusalimia huku macho yako kwenye chuma chao.

Siku ya tatu, baada ya kula, Rustika aliketi kwenye njia ya nne. Akachukua kidole chake cha nta, ambacho, pamoja na cha tano na cha sita, kilikuwa upande wa karibu na mlango. Kilionekana kimebanwa ubavu wa kushoto. Akakilinganisha na cha tatu. Kweli, kimebanwa. Maana yake njia yenyewe imebanwa upande huo na chuma kimezidi. Akawasha grenda, akachonga ubavu wa kushoto. Akapima. Bado. Akachonga tena.

Grenda ikabadilisha sauti. Ilikuwa inanguruma, ikawa inalia. Rustika akaizima papo hapo, lakini alikuwa amechelewa. Ndani ya njia ya nne, ubavuni, tone la maji yenye kutu, yaliyosalia kwenye njia ya maji ya jirani, lilitokeza, likakua, likadondoka.

Aliogopa, na hakuna haja ya kupamba maneno. Akakichukua tena kile kidole cha nta, safari hii akakigeuza. Upande uliolala kwenye meza ulikuwa bapa, umechukua hata mistari ya ubao. Jua la mchana lilikuwa limeingia mlangoni wakati yeye anakula ugali, likakilainisha, kikajilaza. Njia haikuwa imebanwa. Nta ndiyo iliyobonyea. Binti wa mrina asali, aliyekua akitumwa na mama yake kuondoa nta juani kabla haijaharibika, alikuwa ameiacha nta juani. Angekuwa mtu mwingine amefanya kosa hilo, Rustika angemcheka wiki nzima.

Angeweza kunyamaza mpaka jioni. Alinyanyuka akamfuata mzee palepale, kidole cha nta mkononi.

"Mzee, nimetoboa njia ya nne."

Mzee Xavery alikuwa anakunywa maji. Akaliweka kopo chini polepole. "Tundu kubwa kiasi gani?"

"Dogo. Kichwa cha sindano. Lakini ukuta wote pale umekuwa mwembamba."

Alidhani atafukuzwa. Badala yake mzee alikwenda kwenye hedi, akachovya kidole, akafumba macho, akakitoa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, si wa mtu mwenye hasira. "Umeshawahi kuweka pini?"

"Nimekuona ukiweka."

"Kuona si kuweka. Haya, weka. Ikishika, tutazungumza."

Pini ni kipande cha chuma chenye meno ya skrubu kinachozibia tundu. Lakini si chuma chochote tu. Ukiweka chuma cha msumari, kikipata joto kinatanuka kwa namna yake na hedi kwa namna yake, na ndani ya safari mbili zitaachana. Rustika alichambua lundo la vyuma chakavu mpaka akapata gaidi kuukuu ya vavu, kile kibomba ambamo vavu hupanda na kushuka, ambayo ni chuma cha kumimina sawa na hedi yenyewe. Akapanda baiskeli mpaka kwa Ambrosi, mkereza vyuma wa mtaa wa pili, akamsimamia akiikereza, pana juu na nyembamba chini, ili kadiri inavyokazwa ndivyo inavyojibana. Akarudi, akapanua tundu kwa drili, akalikatia meno, akapaka dawa ya kuzuia kuvuja, akakaza. Akakata kilichobaki nje, akakisawazisha.

Kisha jaribio. Aliziba matundu yote ya maji ya ile hedi kwa vipande vya tyubu na vibao vya chuma vilivyofungwa kwa bolti, akaacha moja lenye nipo, kimdomo cha kuingizia upepo kama cha tairi, akachomeka pampu ya baiskeli. Wanaume watatu walimsaidia kuizamisha hedi kwenye pipa la maji ya moto. Akapampu. Kila mtu akainama kuangalia.

Mapovu yakapanda, madogo madogo, moja baada ya jingine, kutoka njia ya nne.

"Toeni," Rustika akasema.

Akaifukua pini, akapanua tundu zaidi kidogo, akarudi kwa Ambrosi. Ambrosi akamuuliza kama hana nyumbani. Akakereza ya pili, nene zaidi. Rustika akaikaza, akaizamisha. Mapovu yakapungua lakini hayakuisha. Mmoja wa wale wanaume akasema basi jamani, hayo machache si yataziba na kutu? Rustika akaifukua pini, akaanza upya. Mkono ulikuwa unamuuma mpaka begani, na moyoni alikuwa amekwisha kata shauri kwamba angeweka pini hata ishirini, lakini povu moja halitatoka pale. Kesho yake saa nne asubuhi, pini ya tatu, alipampu mpaka jasho likamwingia machoni. Maji ya pipa yakatulia. Wakasubiri nusu saa. Yalikuwa bado yametulia.

Zilizobaki, njia ya tano na ya sita, alizichonga kwa nta mpya iliyokaa kivulini ndani ya beseni la maji. Manifodi nayo akaipaka wino wa bluu kwenye uso, akaweka juu yake gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati yake na hedi, akachora midomo kwa ncha ya msumari, akachonga mpaka kwenye mstari. Ulipopitisha kidole kutoka hedi kuingia manifodi hukuhisi pa kuungana. Mzee alipitisha mara mbili.

"Sasa sikiliza," mzee akasema walipokuwa wawili. "Injini ikifungwa, hiyo pini hakuna atakayeiona. Hilari asijue."

"Mzee, ikitoka je?"

"Umeipima mwenyewe."

"Nimeipima kwa pampu ya baiskeli. Sekenke sijaipima. Ikitoka atakuwa kwenye kona na tani kumi nyuma yake, anaona tu moshi mweupe, hajui ni nini. Akijua, atasimama mapema."

"Akijua, atakwenda mji mzima akisema. Na meza umeikosa. Hukusikia nilivyosema? Ukiitoboa."

"Nilisikia, Mzee. Na nimeitoboa. Hilo halibadiliki kwa kunyamaza." Alikuwa anaitaka ile meza kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alijua kabisa anachokitupa. "Nitamwambia."

Mzee akageuka, akaondoka.

Hilari alikuja jioni, akakuta injini imefungwa. Akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua ufunguo. Rustika akaushikilia.

"Kaka Hilari, kabla hujawasha. Njia ya nne niliitoboa ikafika kwenye maji. Nimeiziba kwa pini. Nimeipima haivuji, lakini nataka ujue."

Tabasamu likaondoka. "Nani alitoboa? Mzee?"

"Mimi."

"Na kuziba?"

"Mimi pia."

"Sasa mbona unaniambia? Si ungenyamaza?"

"Kwa sababu usukani unashika wewe. Ukiona maji yanapungua au moshi umekuwa mweupe, simama, usilazimishe."

Hilari alisema maneno mengi ambayo hayafai kuandikwa, kuhusu gereji, kuhusu Kiloleni, kuhusu wanawake wanaoacha uji wakashika grenda. Rustika aliyasikiliza yote akiwa amesimama. Alipoishiwa, Hilari akavuta pumzi. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa na spana zako. Tunapanda wote. Ikivuja, utanisaidia kusukuma."

Kulipokucha walitoka Tabora, wakapita Nzega, Igunga wakapakia mchele mpaka springi zikalala. Rustika aliweka macho kwenye mshale wa joto. Walipofika chini ya mlima, Hilari alirudisha gia, akakanyaga mafuta, na tabo ikaanza kupiga mluzi, mwembamba, ukipanda taratibu na mzigo. Kona ya kwanza, ambapo alizoea kupumzika, akaipita. Akamtupia Rustika jicho, akarudi kwenye barabara. Malori mawili yalikuwa yameegeshwa pembeni, yamefunuliwa boneti, yanafuka. Mshale ulipanda kidogo ukakaa. Kona ya pili. Ya tatu. Rustika alikuwa anapanda na lori, goti lake linasukuma chini kila Hilari anapokanyaga. Halafu barabara ikalala, miti ikarudi nyuma, wakawa juu.

Hilari akaegesha, akaweka mawe kwenye tairi. Injini ilipopoa kidogo, Rustika akainama kwenye chupa ya maji ya rejeta, ambayo asubuhi aliichora mstari kwa kalamu ya wino. Maji yalikuwa kwenye mstari. Akaangalia mara ya pili, akaliangalia bomba la moshi, akapitisha kitambaa kila mahali. Kikavu.

"Sijawahi kupanda hapa bila kusimama tangu mwaka jana," Hilari akasema. Ndiyo maneno yake yote. Kisha akaenda kununua mahindi ya kuchoma, akarudi na mawili.

Rustika akampigia mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Maji?"

"Yako palepale. Hayajashuka."

Rustika alisikia nyundo ikigonga huko gereji, mtu akicheka, kisha mlango ukifungwa.

"Rustika."

"Naam, Mzee."

"Mimi nimetoboa hedi tatu maishani mwangu. Sikumwambia mwenye mali hata mmoja. Wa pili alikwama hapo hapo Sekenke siku mbili, na mke wake mjamzito yuko ndani ya gari. Akarudi kwangu analalamikia hedi ya kiwandani. Nikamwambia pole. Nikamtengenezea, akanilipa mara ya pili, nikapokea. Yule bwana bado ananiheshimu mpaka leo."

Rustika alishika simu kwa mikono miwili.

"Kuna hedi ya trekta imeletwa kutoka Usoke," mzee akaendelea, na sauti ikawa imerudi kwenye ukali wake wa kila siku. "Wenyewe nimewaambia anayechonga hedi hapa yuko safarini, wamsubiri. Usikae sana huko."

"Sawa, Mzee," Rustika akasema, na simu ikakatwa. Akaketi kwenye jiwe la tairi, hindi mkononi, akalia bila kujificha, na Hilari akageuka akajifanya anakagua kamba za turubai.